Karavani ya Mama Yake Nafula

Wiki iliyopita vijana wawili walinijia hapa nyumbani na picha ya gari waliyoikata gazetini. Ati wanataka kununua gari kuukuu, walitie vitanda na jiko, wawe wanalikodisha kwa watu wanaopenda kwenda Mlima Elgon Jumamosi na kurudi Jumapili. Walitaka niwaambie jambo moja tu: linunuliwe gari la aina gani? Nikawauliza, "Nani atalala ndani?" Wakaangaliana. Mmoja akacheka, akasema, "Si ni mteja, mzee." Nikajua kazi ipo.

Nimekaa nikilifikiria jibu, nikaona ni refu kuliko ile chai tuliyokunywa. Kwa hivyo naliandika, na ninyi wengine mnaoshika randa na msumeno mlisome pia. Nilitengeneza nyumba za magurudumu miaka mingi katika gereji moja hapa Kitale, kabla ya uhuru, wakati barabara zote zilikuwa za udongo na wateja wetu walikuwa Wazungu wa mashamba. Wao walikuwa na wikendi. Sisi tulikuwa na nusu Jumapili.

Nianze na aina, maana ndizo mlizouliza. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ni sanduku: unachukua lori, unaondoa bodi ya nyuma, unapandisha nyumba ya mbao juu ya chesi, ile mifupa ya chuma ya chini. Hiyo haigusi mawe, inapita matope ya mwezi wa nne, lakini kuipanda lazima uwe na magoti ya mbuzi. Ya pili ni gari la nyumba lenyewe, ambalo usukani na kitanda viko chumba kimoja. Dereva akichoka anageuka tu, yuko kitandani. Inawafaa sana mume na mke wanaoondoka Ijumaa jioni, kwa sababu hakuna kufungua wala kufunga kitu. Ya tatu ni karavani, nyumba isiyo na injini, inayovutwa na gari lingine. Hiyo ni ya mtu wa likizo ndefu: anaiegesha chini ya miti, anakwenda sokoni na gari tupu. Lakini kwenye mteremko wenye utelezi karavani hukusukuma kutoka nyuma, na usipopanga mizigo vizuri, uzito ukae mbele kidogo ya magurudumu yake, itacheza kama mkia wa ndama.

Najua wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini wahenga hao hawakulala ndani ya jembe.

Aliyenifundisha haya yote alikuwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, Fundi Harnam, mwenye gereji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, kama changu cha siku hizo, na tulielewana vizuri kwa sababu wote wawili tulikuwa tunakosea. Hakuwa mtu wa michoro ya karatasi. Mteja akija, Harnam alifagia sakafu ya saruji, akapiga magoti, akaichora nyumba kwa chaki, ukubwa wake kamili: hapa mlango, hapa kitanda, hapa jiko. Kisha akamwambia mteja aingie.

"Bwana, wewe ingia kwa mlango. Hapana ruka ukuta."

Bwana mwenye shamba lisiloisha kwa macho anaingia kwa mlango wa chaki. "Sasa lala." Analala juu ya saruji na kofia yake. "Sasa memsahib pika chai." Memsahib anapika chai ya hewa. Mara wanagongana viwiko, mara memsahib anamkanyaga bwana shingoni, na kabla hatujapoteza hata ubao mmoja tumejua nyumba hiyo haifai. Harnam anafuta kwa kitambaa, anachora nyingine. Wengine walinuna mwanzoni, lakini hakuna aliyekataa kulala.

Sasa kosa langu. Harnam alikuwa amekwenda Kisumu kutafuta mbao, na mimi nilikuwa nimeachiwa gereji kwa mara ya kwanza. Akaja mteja wa karavani, mtu mrefu kama mlingoti wa bendera, uso hauna kicheko. Nikaona aibu. Mimi, Wanjala wa Chwele, nimwambie Mzungu huyu alale chini? Nikachora chaki, kisha nikalala mwenyewe ndani yake. Mnaonijua mnajua kimo changu. Nikaona kitanda kinatosha kabisa, hata miguu inabaki na nafasi. Tena sikumuuliza nyumbani kwake kuna barabara gani. Nikaishusha sakafu chini sana karibu na ardhi, kwa sababu machoni ilipendeza.

Aliichukua Ijumaa. Jumatatu aliirudisha ikiwa imekwaruzwa tumbo lote na mawe ya shamba lake, na yeye mwenyewe akitembea amekunja mgongo, maana alilala siku mbili magoti yakiwa kidevuni. Harnam aliporudi aliizunguka karavani mara mbili. Halafu akanipa kipande cha chaki mkononi.

"Wanjala, hii kitu iko rahisi sana. Mbao iko ghali."

Alimtengenezea bwana yule nyingine. Ile yangu tuliisukuma nyuma ya gereji, nyasi zikaota hadi dirishani, kuku wa mlinzi wakahamia. Kila asubuhi nilipokwenda kuchukua mbao nilipita hapo, na kila asubuhi niligeuza uso.

Kabla sijasahau, haya ni ya bure. Tumieni skrubu, si misumari. Misumari barabara ya matuta huing'oa yenyewe mmoja mmoja, na mwenye gari atasikia nyumba ikilia kabla ya kufika Kiminini. Mlango uwe upande wa kushoto, mtu asishukie katikati ya barabara. Pipa la maji likae chini, karibu na magurudumu. Na jiko la mafuta ya taa liwe na tundu la hewa juu na lingine chini, hata mteja akilalamika kuhusu baridi. Siku hizi mna gundi ambayo sisi hatukuiota. Sisi tulichemsha gundi ya ngozi, na fundi akisahau sufuria, nusu ya mtaa inajua.

Haya, turudi kwa swali langu la nani atalala.

Mke wangu ni Nafula. Jina hilo kwetu Wabukusu hupewa msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, kama vile wa kiangazi anavyoitwa Nasimiyu. Tulikaa Matisi, wakati huo nyumba chache tu pembeni ya mji, na sisi tulikuwa na chumba kimoja. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa pale akiwa hapumui. Mimba ya pili tulisema afadhali Nafula aende mapema kwa mama yake, Chwele, kwa sababu mama yake ni mkunga, mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa upande ule. Akapanda lori la mahindi. Barabara ilimtikisa, na kufika Chwele hakufika na mimba. Naandika kwa kifupi kwa sababu hata leo siwezi kwa kirefu.

Mimba ya tatu nesi alimkataza kupanda gari lolote. Ilikuwa kiangazi, vumbi kila mahali, na Nafula alikaa mlangoni siku nzima. Siku moja nikamuuliza anataka nini, nikidhani atasema ndizi au samaki.

"Nataka mikono ya mama," akasema. "Kitu kingine sitaki."

Ninyi vijana wa leo mtasema, si aje tu? Mabasi yapo. Lakini mama mkwe wa Kibukusu na mkwe wake wanaheshimiana kwa kutengana. Hawatazamani uso, hawashikani mkono, hawakai chini ya paa moja. Hata kama ningelala nje, kitanda changu kingebaki ndani ya kile chumba kimoja, na mama mkwe haingii penye kitanda cha mkwe. Majirani nao walikuwa na chumba kimoja kimoja na watoto sita. Jina la mama huyo silitaji hata hapa, na sitalitaja. Ni mama yake Nafula, inatosha.

Nikamweleza Harnam. Gerejini tulikuwa na gari la nyumba jipya, la aina ya pili, usukani na kitanda chumba kimoja, linamsubiri mwenyewe. Desturi ya gereji ilikuwa kulijaribu kila gari siku nzima kwenye barabara mbaya kabla ya kulitoa. Harnam akanitupia ufunguo.

"Jaribu barabara ya Chwele, iko mbaya kabisa. Rudi na mama. Mama lala ndani mpaka mwenyewe kuja."

Jamani, nilifurahi! Mama yake Nafula angelala ndani ya nyumba yake mwenyewe, uani, hatua tano kutoka kwa binti yake, wala si chini ya paa langu. Nilijiona mwerevu kuliko wazee wote walioweka ile desturi. Nilipiga mbao polishi upya, nikatandika kitanda, nikaondoka alfajiri huku nikipiga mluzi.

Nilifika Chwele siku ya soko. Watu waliacha ng'ombe wao wakaja kulitazama gari. Ndugu yake Nafula, shemeji yangu Wanyonyi, alimwongoza mama yake kutoka nyumbani, naye akija polepole na fimbo, kikapu mkononi, leso imefunika kichwa hadi machoni. Mimi niligeuka nikatazama upande wa mlima, kama inavyopaswa. Nikasikia fimbo inakuja, inakuja, halafu ikasimama.

Wanyonyi akanijia.

"Wanjala, bana. Wewe unakaa wapi kama unaendesha?"

"Pale mbele."

"Na Mayi," akasema, yaani mama, "atakaa wapi?"

"Pale nyuma, kwa kitanda."

"Na ukuta iko wapi?"

Nilikuwa nimefikiria paa la usiku, nikasahau paa la njiani. Kutoka Chwele hadi Kitale, kwa mwendo wa siku hizo, ningekaa na mama mkwe wangu chumba kimoja, mgongo wangu machoni pake, mbele ya soko zima. Mzungu asingefanya kosa hilo kwa sababu halimhusu. Mimi nililifanya, mtoto wa palepale.

"Tunaweza kufunga blanketi katikati," nikasema.

Wanyonyi akaenda, akanong'ona, akarudi. "Mayi anasema ati blanketi si ukuta. Anasema anamlilia Nafula, lakini hawezi kumletea laana ndani ya kikapu. Na anauliza, huyo Mhindi yako hana gari ingine?"

Nilirudi Kitale na kitanda kilichotandikwa vizuri na hakuna mtu juu yake. Nafula alikuwa amesimama barabarani. Aliangalia mlango wa gari, akangoja ufunguke. Nilipomweleza, machozi yalimtoka, akayapangusa, akanishika mkono.

"Wanasema kosa moja haliachi mke," akaniambia. "Basi na mimi simwachi mume. Lakini Wanjala, siku zinakwisha."

Kesho yake Harnam alisikiliza kisa chote akichonga penseli. Akafagia sakafu. Akanipa chaki.

"Chora mama."

Nikachora kitanda.

"Chora wewe."

Nikachora usukani. Akapiga magoti karibu nami, akachora ukuta kumzunguka mama, na ukuta mwingine kunizunguka mimi, na katikati akaweka mstari mmoja mfupi, wa chuma cha kuvutia. Tuliangalia mstari ule wote wawili. Halafu akainuka, akatembea hadi nyuma ya gereji, nikamfuata, na pale kwenye nyasi akapiga teke gurudumu la karavani yangu ya aibu.

Kuku walitoka wanne na vifaranga. Tulifanya kazi siku mbili. Nilisugua mavi ya kuku kwa maji ya moto na majivu, nikabadilisha mbao mbili za sakafu, nikaweka turubai jipya juu. Harnam alinipa pikapu ya gereji ya kuivuta. Kwa vile nisingeweza kumwona wala kumsikia mama akiwa ndani, nilifunga kengele ya ng'ombe dirishani kwangu, nikapitisha kamba hadi kitandani kwake. Akivuta, nisimame. Leo polisi hawaruhusu mtu kukaa ndani ya karavani inayovutwa, na wana haki. Msiige hilo.

Mara hii sikupiga mluzi. Chwele niliegesha, nikatembea mbali, nikaugeukia mlima. Nikasikia fimbo inakuja. Ikasimama mlangoni. Kisha nikasikia sakafu ikilia kidogo, skrubu zangu zikishika. Wanyonyi alinifuata mbio.

"Ameingia! Mguu moja tu, hakuna ngazi. Na amelala kwa kitanda, imemtosha kama ni yeye walipima. Nani alipima hii?"

Sakafu iliyokuwa chini mno kwa mawe ya shamba ilikuwa sawasawa kwa magoti ya mama yake Nafula. Kitanda kilichomkunja yule mrefu kilimtosha yeye kuanzia kichwa hadi kisigino.

Nilikwenda mwendo wa jongoo. Kila jiwe nililiona kabla halijaniona. Wanyonyi alikaa nami mbele. Tulipovuka mto Kamukuywa kengele ikalia. Nilikanyaga breki. Wanyonyi akaruka chini, akarudi anacheka.

"Mayi anasema gari ni mzuri. Anauliza kama umelala. Ati mtoto hangojangi."

Mchana tulifika Matisi. Niliegesha karavani uani, mlango umeelekea mlango wetu, nikaenda zangu nyuma ya nyumba. Nilichosikia ni Nafula akisema "Mayi," mara moja tu, na kilio cha wanawake wawili. Nilikaa juu ya gogo nikalia na mimi, kwa nini nifiche.

Siku nne walikaa hivyo. Nafula mchana alishinda karavani, usiku akarudi chumbani. Wanyonyi alirudi Chwele kwa ng'ombe wake, kwa hivyo hapakuwa tena na mtu wa kupeleka maneno kati yangu na mama. Siku ya tano asubuhi, saa mbili hivi, Nafula alivuka ua akashika mlango wa karavani, akainama, na hakurudi. Jirani mmoja akaingia. Baadaye akatoka mbio kwenda kuomba nguo safi.

Mimi nilikuwa nyuma ya karavani, nimeipa mgongo, karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa mbao. Niliijua kila mbao ile. Nilijua ipi ina fundo, ipi niliipiga randa vibaya nikiwa na hasira. Nilisikia sauti ya Nafula kupitia hapo, na sauti ya mama yake ikimwambia polepole, polepole. Kisha sikusikia kitu. Mara ya kwanza, miaka mitatu kabla, nilikuwa nimesikia kutokusikia kule kule. Nilijishikilia kwenye gurudumu.

Kengele ikalia. Ile ya ng'ombe. Nilikuwa nimeisogeza kutoka kwenye pikapu nikaitundika nje ya ukuta wa karavani, kamba yake bado iko kitandani, wala sikumbuki kwa nini.

Halafu, kupitia mbao, sauti ambayo haikuwahi kunisemesha tangu nioe ilinisemesha.

"Baba Nasimiyu."

Nilidhani anaitwa mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kuniita baba ya mtu.

"Baba Nasimiyu, si niko na wewe naongea? Lete maji moto. Weka hapo mlangoni, halafu geuka uende."

Na nyuma ya sauti hiyo, sauti nyingine, ndogo, yenye hasira, ikaanza kupiga kelele na haikunyamaza.

Nikachukua sufuria motoni. Nilitembea kinyumenyume ua mzima, kwa heshima, nisimwone mama mkwe wangu, nikilia na kucheka, nikimwaga maji kwenye viatu. Nilipofika mlangoni ilibaki nusu.

"Lete ingine," akasema mama yake Nafula.